Mpini wa Ufagio Kati Yangu na Mkwe Wangu

Wamama wenzangu wa sala, na wewe zaidi Mama Feza wa Jacobs, uliyenitandikia kitanda ukangoja mpaka ukakasirika: mmeniuliza sana kwa nini Jumapili ile sikuonekana, na kwa nini nilirudi nachechemea. Kila mmoja nimempa kipande chake. Sasa naandika yote mara moja. Kuandika nilijifunza kwa masista kidogo tu, kabla baba hajanitoa nikabebe wadogo zangu, kwa hiyo herufi zangu zinatembea kama bata. Lakini bata naye anafika.

Kwanza mjue jambo moja, bila hilo hamtaelewa kitu. Ninyi Watanzania mtacheka, chekeni tu. Kwetu Uvira, ng'ambo ya ziwa, mama na mume wa binti yake hawagusani. Hawali mbele ya macho ya mwenzake. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Jina la mkwe wangu mimi silitaji, hata hapa siandiki, namwita Baba Neema. Hiyo si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ina mwisho wake: siku wazee wanakaa, mkwe analeta mbuzi, mnakula pamoja, na kuanzia hapo anaweza kukusalimu kwa mkono kama mtoto wako. Lakini Riziki wangu na mume wake walioana njiani, huko Zambia, hakuna mzee, hakuna mbuzi. Halafu vita ikanifukuza na mimi, nikaja kuwakuta hapa Durban, mwaka wa tisini na nane.

Sasa fanyeni heshima hiyo ndani ya chumba kimoja cha Sydenham, ghorofa ya tatu, pazia katikati! Nikitaka kunawa, yeye anashuka ngazi. Akitaka kula, anabeba sahani yake, anakaa kwenye ngazi, baridi ama mvua. Yule mama Mhindi wa chini akamuuliza Riziki, "Mume wako amekosa nini mpaka unamlisha nje kila siku?" Mimi nikasikia, nikakosa usingizi. Nikajiambia, mtu huyu anafanya kazi, analipa nyumba, na anakula kwenye ngazi kama paka wa jirani kwa sababu yangu. Lazima ananichoka. Mimi ningemchoka.

Ndipo nikaongea na Mama Feza juu ya kile chumba chake cha mtaa wa Jacobs, nyuma ya kiwanda cha rangi. Nikafunga mfuko wangu. Riziki sikumwambia, maana angelia, na akilia mimi sihami.

Sydenham: nani akae mbele

Baba Neema alikuwa anafanya kazi katika lile jumba la mjini wanapotengeneza barafu kwa mashine, watu wanalipa waingie kuteleza. Yeye anafagia barafu na kunoa vile viatu vyenye kisu chini. Mimi nilikuwa sijawahi kukanyaga humo. Neema, ana miaka sita na mdomo wa miaka sitini, akamwambia baba yake, "Barafu yako ni ya uongo, ni ya friji. Mwalimu anasema ya kweli iko milimani." Mwanaume akaumia, nakwambia. Mwenzake wa kazi, Sipho, aliyejifunza Kiswahili kwake, akasema kwao chini ya milima mikubwa, mbele ya Underberg, iko bwawa la ng'ombe linaganda mwezi wa saba, waende wote Jumamosi walale kwa mama yake.

Nikasema nitaenda. Riziki akashangaa, "Mama, wewe? Baridi?" Nikasema nataka kuona. Kumbe nilishapanga na Sipho pembeni kwamba wakati wa kurudi anishushe Jacobs. Mfuko wangu nikautupa garini na mablanketi.

Gari lilikuwa bakkie ya mjomba wa Sipho: mbele viti vitatu, nyuma sanduku la mizigo lenye kifuniko. Tukasimama hapo barabarani tunapangana kama kete za chesi. Baba Neema anaongea nami kwa mdomo wa mtoto, ambaye mimi bibi yake ananiita koko:

"Neema, mwambie koko akae mbele, nyuma iko baridi."

"Koko, baba anasema ukae mbele."

"Mwambie baba yako miguu yake ni mirefu, mbele ni pake."

"Baba, koko anasema..."

"Nimesikia! Mwambie hapana."

Sipho akaweka kichwa kwenye usukani. "Eish, wamama na wababa, jua linatoka."

Basi nikakaa mbele na Riziki na yule mdogo, Toto, mapajani. Baba Neema nyuma na Neema na gunia la viatu vya visu. Hatujafika hata kona, nikageuka kumwangalia mjukuu, macho yangu yakagongana na ya mkwe wangu kwenye kioo cha nyuma, pua kwa pua! Nikavua kitenge cha mabega, nikakitundika kufunika kioo kizima. Amani.

Mpaka Pietermaritzburg: askari na kitenge

Ile barabara inapanda tu, inapanda, na malori yanalia kama ng'ombe. Mimi sikutulia. Nilishika mfuko, nikauachia, nikaushika. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Riziki na kila neno nililopata lilikuwa na mwiba. Riziki akaniuliza, "Mama, unatafuta nini humo?" Nikasema dawa ya kichwa. Akatoa ya kwake akanipa, nikalazimika kuimeza na kichwa hakiumi.

Karibu na Pietermaritzburg askari wa barabarani akanyoosha mkono. Riziki akaanza kutafuta karatasi zetu, ninyi mnajua sisi na askari. Huyu lakini alikuwa mtu wa adabu. Akauliza kwa nini dereva amefunika kioo, anaonaje nyuma? Sipho akaeleza kwa Kizulu, mrefu, mikono inazunguka, ananionyesha mimi, anaonyesha nyuma. Askari akaenda nyuma, akainua kifuniko, akamwangalia Baba Neema, akarudi akaniangalia mimi. Halafu akacheka mpaka kofia ikasogea. Sipho akatufasiria: anasema hata mke wake hataji jina la baba mkwe, heshima hiyo wanaiita *hlonipha*, anaelewa vizuri. Lakini sheria ya barabara haina mama mkwe. Kitenge kitoke.

Kitenge kikatoka. Nikashuka. Nikasema kwa Neema, kwa sauti ya kusikika, kwamba mimi naenda nyuma na watoto, nitakaa nimekipa mgongo kioo, basi. Baba Neema akabisha kwa mdomo wa mtoto mpaka mtoto akachoka: "Mimi si simu!" Baba yake akahamia mbele. Nikapanda. Askari mwenyewe alinishika mkono nikipanda. Mgeni kabisa ananishika, na mtu ninayelala naye nyumba moja hawezi.

Howick, Bulwer, na ile baridi

Howick tulinunua *amagwinya*, ni maandazi yetu ila hayana sukari na yana ukubwa wa ngumi. Tukala na chai ya chupa. Baba Neema akachukua yake, akaenda kula nyuma ya vyoo vya kituo cha mafuta. Mlinzi akamfuata akidhani anaiba kitu, akamkuta anatafuna, akarudi anatikisa kichwa. Nilimwona mlinzi. Hamu ya andazi ikaniisha.

Baada ya hapo, baridi. Wamama, sisi wa ziwani tunasema baridi wakati upepo unatoka milimani asubuhi na unatafuta sweta. Hiyo si baridi, ni salamu. Hii inaingia kwenye meno. Majani yote yalikuwa ya rangi ya simba, na mbele milima imesimama myeupe juu, kana kwamba mtu amemwaga unga wa muhogo. Neema akaweka mdomo kwenye sikio langu: "Koko, ile ndiyo ya kweli?" Nikamwambia ndiyo. Toto akalala ndani ya koti langu na mimi nikakaa juu ya gunia la visu, kila shimo la barabara linanikumbusha.

Nikafikiri: kule Jacobs nani ataingia ndani ya koti langu? Nikafukuza wazo hilo. Likarudi.

Kwa mama yake Sipho

Mama yake Sipho wanamwita MaZondi, mjane, mwembamba, pua yake imenyooka kama rula. Nyumba ya duara, moto katikati, mlango mmoja. Hapo tena! Mlango mmoja, moto mmoja. Tukaingia sote, Baba Neema akabaki nje anajifanya anaangalia gari. Jua likaenda nyuma ya mlima na yeye bado anaangalia gari.

MaZondi akauliza, Sipho akafasiri. MaZondi akasema kitu kifupi.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema kama ni mlevi, alale na ng'ombe. Kama si mlevi, aingie kabla hajafa, yeye hataki kuchimba kaburi ardhi ikiwa ngumu hivi."

Nikasema mimi nitatoka. Riziki akasema, "Mama, ukitoka na mimi natoka." Watoto wakaanza kulia. MaZondi akatoka mwenyewe, akamkamata mkwe wangu kwa shati, akamwingiza kama mbuzi anayegoma. Nikafunika kichwa na kitenge, nikageukia ukuta. Tukala hivyo, yeye upande ule, mimi nimetazama udongo na sahani yangu ya ugali na maziwa ya mgando. Nilisikia kijiko chake kinasimama kila mara nikitikisika. Alikuwa anakula kama mwizi, na ni mimi polisi wake.

Nikaamua kabisa. Kesho, Jacobs.

Barafu

Asubuhi Sipho alituharakisha, jua lisifike kabla yetu. Bwawa lilikuwa bondeni kwenye kivuli cha mlima, si kubwa, ng'ombe wanakunywa hapo na maji yake ni ya magoti. Sasa yalikuwa yamelala, hayaendi popote. Nilichukua jiwe nikatupa, likaruka likiimba, *tiu tiu tiu*, mpaka ng'ambo. Nikatupa lingine. Sipho akapiga na shoka pembeni kuangalia unene, akasema sharp, yaani safi, ila msiende kwenye matete.

Baba Neema akafagia umande mweupe na ufagio wa MaZondi, akavaa viatu vyake vya visu, akaingia.

Sasa hapa nieleze vizuri. Mimi mtu huyu nilimjua kwa kisogo na kwa nyayo. Nilimjua anashuka ngazi, anakohoa kabla ya kuingia, anainama. Sikujua kumbe ana mwili mrefu hivyo. Alizunguka bwawa bila kupiga hatua, mikono nyuma, anaenda kinyumenyume, anageuka, kisu kinakwaruza taratibu kama mtu anayekata kitambaa. Nikasahau kugeuza uso. Nikamwangalia tu. Riziki akaniona namwangalia.

Akambeba Neema akamzungusha, mtoto anapiga kelele, "Ya kweli! Baba, ni ya kweli!" Akamvuta Toto juu ya gunia. Riziki naye akavaa viatu, akapiga hatua mbili akakaa chini, akasimama akakaa, tukacheka mpaka MaZondi aliyekuja na blanketi lake akalazimika kushika goti.

Halafu Neema: "Koko! Zamu ya koko!"

"Koko ni mzee, ataangalia."

"Koko anaogopa!"

Mimi? Nimevuka ziwa kwa mtumbwi unaovuja, niogope maji yaliyolala? Nikasema nileteeni viatu. Riziki akanifunga kamba, lakini yeye mwenyewe hasimami, atanishikaje? Sipho alikuwa juu kwenye gari anajaribu kuliwasha. Nikasimama pale ukingoni kama mti uliopandwa vibaya, na aliyejua kuteleza alikuwa mmoja tu.

Yeye akasimama mbali kidogo, anaangalia pembeni. Kisha akachomoa mpini wa ule ufagio. Akaulaza kwenye barafu, akausukuma na mguu polepole mpaka ukagusa viatu vyangu. Yeye akainama akashika ncha ya kwake.

Nikaelewa. Mpini si mkono.

Nikashika ncha yangu. Akavuta. Wamama, nisiwadanganye, nilipaa! Upepo kwenye masikio, kitenge kinapepea, milima inazunguka, mimi mtu wa dagaa na muhogo nateleza Afrika Kusini nimevutwa na mkwe wangu. Nilicheka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nyumbani. Akaongeza mwendo kidogo. Nadhani naye alikuwa anacheka, niliona mabega.

Shida ni kwamba barafu haina breki. Alipokaribia matete akasimama. Mimi sikusimama. Mpini ukapita ubavuni kwake, na mimi nyuma ya mpini, nikamwingia mzima mzima, kifua kwa kifua, tukaanguka pamoja kwenye matete, barafu ikasema *kraa*, na maji ya ng'ombe yakatupokea sote wawili.

Riziki akapiga yowe. Nilitaka kusimama, nyonga ikakataa. Maji yale si maji, ni moto mweupe. Nikamwona Baba Neema amesimama, uso umekuwa wa majivu, mikono yake imenyooka kwangu na imekwama hewani, haiji hairudi. Alimwangalia Riziki. Halafu akafunga macho, wamama, akafunga macho kabisa, akainama akaniinua, akaniweka mgongoni kama Toto, akapanda nami kile kilima mpaka kwenye moto wa MaZondi. Moyo wake nilikuwa nausikia kwenye mkono wangu, unakimbia kuliko miguu. Aliponiweka chini akatoka, hakugeuka.

Kuku

MaZondi akanivua, akaniweka jiwe la moto lililofungwa gunia kwenye nyonga. Neema akaja kusema baba amekaa nje kwenye zizi, nguo zimemgandia, hataki kuingia. Riziki akalia. MaZondi akamwita Sipho afasiri.

"Anauliza, kosa kama hili kwenu linatengenezwa na nani?"

"Wazee," nikasema.

"Wako wapi?"

"Wengine Uvira. Wengine chini ya udongo. Wengine Kigoma kwenye kambi."

"Na hapa?"

"Hapa hakuna."

MaZondi akaniangalia kutoka nywele zangu nyeupe mpaka jiwe la nyonga, akasema neno, Sipho akaona haya kulifasiri.

"Sema tu."

"Anauliza, kwani wewe ni msichana?"

Moto ukapasua kuni. Mwaka mzima nilikuwa nangoja mtu mwenye mvi aje atufungulie, na kioo cha ukutani kule Sydenham kilinionyesha mvi kila asubuhi. Nikasema, "Neema, mwambie baba yako koko anataka kuku. Kwetu ni mbuzi, lakini mbuzi hatapanda ghorofa ya tatu. Kuku atatosha. Na mababu wakilalamika, waje wapande ngazi waniulize mimi."

Neema akakimbia. Halafu tukasikia kelele uani, mbio, mabawa, ndoo imeanguka, na Sipho anacheka. Mtu aliyeteleza kama malaika alichukua muda mrefu sana kumkamata kuku wa MaZondi.

Pinetown, kwenye robot

Wakati wa kurudi niliwekwa mbele kwa sababu ya nyonga. Baba Neema nyuma na watoto na kuku. Kioo hakikufunikwa, lakini hakuna aliyegeuka. Kuku alikuwa bado mikononi mwake, alikuwa hajanipa. Kwa mdomo wa Neema hawezi kumtoa, ni lazima mwenyewe, na mwenyewe hakuthubutu. Nikafikiri, labda hakutaka. Labda alimkamata kwa adabu tu. Labda atafurahi nikishuka. Njia nzima nilikuwa hivyo, natoka kwenye labda hii naingia ile, na mfuko mapajani.

Pinetown tukasimama kwenye robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani, nayo ni nyekundu. Na Sipho, Mungu ambariki kwa ulimi wake, akauliza kwa sauti: "Mama, hapa nakata kulia tushuke Jacobs, au naenda mbele?"

Riziki akageuka. "Jacobs? Jacobs kufanya nini?"

Akaangalia mfuko. Akaushika, akausikia ulivyojaa. "Mama. Unahama? Unahama na huniambii?"

"Mume wako anakula kwenye ngazi, Riziki. Mpaka lini?"

Nyuma nikasikia kifuniko kinafunguliwa. Mlango wa sanduku ukagonga. Baba Neema alikuwa ameshuka pale pale barabarani, katikati ya magari, akaja mpaka dirisha langu na kuku kwapani. Taa ikawa kijani. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Hakumwita Neema.

"Mama," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Kuku ni wako. Lakini mimi simpeleki Jacobs."

Honi zinalia. Mtu mmoja akatoa kichwa akatutukana kwa lugha tatu.

"Kule ngazini ninakula vizuri, Mama. Nasikia mnavyocheka ndani. Ukihama nitasikiliza nani?"

Akamwingiza kuku dirishani. Nikampokea. Mikono yetu iligongana chini ya manyoya na hakuna mbingu iliyoanguka, ila kuku alinichafulia kitenge.

"Baba Neema," nikasema, maneno yangu ya kwanza kwake tangu azaliwe, "rudi garini, utapata mafua. Sipho, mbele."

Sydenham tena

Kuku nilimpika mwenyewe, nimekaa kwenye stuli, kwa mafuta ya mawese niliyokuwa nimeyaficha kwa ajili ya Krismasi, na ugali wa muhogo. Riziki akafungua pazia akalifunga pembeni na kamba ya viatu. Tukatandika mkeka mmoja. Baba Neema akakaa amegeukia mlango kwa mazoea. Neema akamwambia, "Baba, sahani iko huku." Akageuka. Akamega. Nikamega. Akatia mdomoni mbele ya macho yangu.

Kwa hiyo Mama Feza, kile kitanda mpe mwingine, na usinikasirikie. Jina la mkwe wangu bado siandiki, si kila kitu kivunjike siku moja. Lakini nikwambie jambo moja ambalo mwaka mzima nyuma ya pazia sikulijua: mtu yule anatafuna kwa kelele kama ng'ombe kwenye mahindi makavu. Sasa anakula hivyo asubuhi na jioni, mbele ya uso wangu. Inanisumbua kabisa, na sihami.